Mstari Niliousoma Kwenye Matanga ya Mulamba

Hapa Kasongo watu wakinisalimia bado wananiita Mwalimu, na mimi naitika kabla hawajamaliza. Ukatekista nimestaafu, huu ni mwaka wa tatu. Magoti yamekataa baiskeli, lakini jina nimekataa kulirudisha. Padiri ameniomba niwaandikie ninyi makatekista wapya, mnaotumwa Lusangi na vijiji vya njia ya Kabambare mkiwa na pikipiki, na simu zenye Biblia ndani. Alisema niandike kidogo juu ya kazi ilivyokuwa. Sijui kama alitaka haya, lakini amechelewa, kalamu iko mkononi mwangu.

Nianze kwa kujisifu, ili nisihangaike kulificha jambo hilo baadaye. Nilitunza makanisa sita ya vijiji kwa zaidi ya miaka thelathini. Padiri alifika mara mbili kwa mwaka, mara tatu kama njia imekauka vizuri. Siku nyingine zote ilikuwa mimi. Nilifundisha wabatizwa, nilizika wafu, niliongoza sala za Jumapili, nilisuluhisha wanandoa ambao walikuwa wameshafunga mizigo. Nilikosa Jumapili nne tu, zote kwa sababu ya malaria, na ya nne nilijaribu kuondoka hivyo hivyo, mke wangu akaficha pampu ya baiskeli.

Mvua za kule mnazijua. Kuna siku nilipanda baiskeli, na kuna siku baiskeli ilinipanda mimi, nikaibeba begani kutoka mto mpaka mto. Kitabu sikuwahi kukilowesha. Nilikifunga ndani ya nailoni, nikakitia ndani ya sufuria, nikafunika, nikakaza mfuniko kwa utepe wa mpira wa tairi la ndani. Sufuria ile haikupika chakula hata siku moja. Mke wangu aliidai miaka mingi, akachoka, akanunua nyingine. Ninyi mtasema simu hailowi ikiwa mfukoni. Sawa, tutaonana mwezi wa kumi na moja.

Sasa niwaambie juu ya watu wawili walionifundisha kazi. Mmoja alikuwa wa kanisa letu na mwingine hakuwa.

Wa kwanza ni Mzee Kalumbi, aliyekuwa katekista kabla yangu. Kalumbi hakujua kusoma vizuri. Herufi alizijua, lakini neno likiwa refu aliliacha katikati na kulimalizia kwa kichwa. Masomo ya mwaka mzima aliyashika kwa moyo, kwa sababu mwalimu wake alimfundisha hivyo, mdomo kwa mdomo, wakati kijiji kizima hakikuwa na Biblia hata moja. Mimi niliyetoka shule nilimwonea aibu kidogo. Nakiri hilo mapema, kwa kuwa mtaliona hata nisiposema.

Wa pili ni Yoeli, mwinjilisti wa Waprotestanti. Kanisa lao lilitazamana na letu, barabara tu katikati, na Jumapili nyimbo zao zilikuja kwetu na zetu zilikwenda kwao. Yoeli alikuwa mshonaji, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, na alikuwa na swali moja ambalo alilitumia kama wengine wanavyotumia panga, kwa kila kazi. Alitukuta tunapaka majivu kwenye paji la uso, akauliza: inaandikwa wapi? Alisikia tunawaombea marehemu: inaandikwa wapi? Alimwona mama mmoja na rozari sokoni, akavuka soko zima kuja kuniuliza mimi, siyo yule mama. Kwake mapenzi yote ya Mungu yamo ndani ya Maandiko, yamekamilika, na kisichomo ni mzigo ambao watu wanawatwika wenzao. Alisema hivyo kwa upole, na kwa sababu hiyo ilikera zaidi.

Nilimpelekea Mzee Kalumbi lile swali. Akacheka, akasema nimwambie Yoeli kwamba hata mama yake hakumzaa na karatasi. Jibu hilo halikunitosha. Mimi nilitaka kushinda. Basi misimu miwili ya mvua nilikaa na Kitabu, nikakariri mistari, nikaiandika kwenye daftari kwa mafungu: ya kufunga, ya ndoa, ya wafu, ya mali. Nikawa mtu wa kutoa jibu kabla muulizaji hajafunga mdomo. Watu walishangaa, na Yoeli mwenyewe alianza kuniheshimu. Nilifurahi sana. Sitawadanganya, ile ilikuwa miaka mitamu.

Hapo ndipo alipokufa Mulamba.

Mulamba alikuwa mkulima wa mpunga, muumini wetu, mtu asiye na makelele. Aliacha mke, jina lake Feza, na watoto wanne. Katika ukoo wake kuna desturi: siku ya kumaliza matanga, baada ya watu kunyolewa na kula, wazee wanachukua shoka la marehemu na kumpa ndugu yake. Anayelipokea shoka amepokea nyumba, maana yake shamba, watoto na mjane. Siku nane zikipita, anakuja kumchukua mjane na kumpeleka kwake kama mke. Ndugu huyo alikuwa Lukongo, mdogo wa Mulamba, naye alikuwa na mke wake tayari.

Mkubwa wa ukoo, Mzee Lubamba, alikuwa Mkristo mwenye hofu ya Mungu. Shoka alikuwa nalo mkononi, lakini alisita. Akanigeukia mbele ya watu wote, akaniuliza kama desturi yao hii iko ndani ya Kitabu. Hakuuliza kwa ujanja. Alitaka kujua, asije akamkosea Mungu katika uzee wake.

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tumngoje padiri. Lakini kwenye benchi walikaa waumini watatu wa Yoeli wakinitazama, na mimi nilijua mahali penyewe. Nilifungua Torati kwa mara moja, bila hata kutafuta, nikasimama, nikasoma ile sheria ya Musa juu ya ndugu wanaokaa pamoja, mmoja akifa, mjane wake asiende nje kwa mtu mgeni bali nduguye amtwae. Nilisoma kwa sauti nzuri. Sauti ninayo, Mungu alinipa. Nilipomaliza nikasema, kama tunavyosema kanisani, kwamba hilo ni Neno la Bwana, na watu wote wakajibu: Tunamushukuru Mungu.

Lukongo akapokea shoka kwa mikono miwili. Mimi nikapewa paja la kuku na sahani ya wali iliyojaa, nikala vizuri.

Vijana, hesabuni kosa langu pole pole. Kabla sijasoma, ile ilikuwa desturi ya ukoo mmoja. Desturi mtu anaweza kuibishia: mjane anaweza kulia, shangazi anaweza kusema, mzee anaweza kulegea. Baada ya mimi kusoma hakukuwa na wa kubishana tena. Hawakusema tena kwamba ni mambo ya wazee, walisema imeandikwa. Na aliyewapa neno hilo ni mimi, kwa sababu ya watu watatu kwenye benchi.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa uani naziba pancha. Baiskeli imepinduliwa, bakuli la maji liko chini, naminya mpira nitafute tundu. Feza akaja, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheupe cha matanga mabegani. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Mwalimu, ile maneno ulisoma pale kwetu, Mungu njo alisema?"

Nikamjibu kwamba imeandikwa katika Torati, na nikataka kumwambia sura.

"Siulizi kama inaandikwa. Naliona inaandikwa, ulishika Kitabu. Mimi niko nauliza kama ni Yeye."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Sikuwa na daftari la kujibu swali hilo. Naye akaendelea pole pole, bila kulia.

"Kama ni Yeye, nitaenda kwa Lukongo. Mimi si mutu wa kubishana na Mungu. Lakini kumuomba, nitaacha. Nitamuomba nini tena, Yeye mwenye alishanipatia mutu mwingine?"

Akaaga kwa heshima, akaondoka. Nikakumbuka kitu ambacho sikukijali siku ile ya matanga: watu wote walipojibu kumshukuru Mungu, Feza aliyekaa karibu nami mkekani hakufungua mdomo. Niliona kwa macho, nikapita. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maisha yangu. Nilikuwa nimetumwa kuwaleta watu kwa Mungu, na huyu nilikuwa namfukuza kwa kutumia Kitabu chake.

Nikamaliza kuziba, nikapanda baiskeli. Mzee Kalumbi alikuwa amestaafu na kuhamia kwa binti yake, kwenye njia ya Kabambare, safari ya siku nzima kwa mtu mwenye miguu yenye nguvu. Nilimkuta anabangua karanga. Kalumbi alikuwa na tabia yake: hakujibu swali la mtu aliyesimama. Lazima ukae, uchukue karanga, ubangue naye. Kwanza nilidhani ni ujanja wa kupata msaidizi. Baadaye nilielewa kwamba mikono ikishughulika, mdomo unapunguza uongo. Nikakaa, nikabangua, nikamweleza yote, hata lile paja la kuku.

Tukabangua mpaka karanga za ungo zikakaribia kwisha. Halafu akaniuliza.

"Beno, mutoto yangu. Siku ya ndoa, tunamuulizaka nini muke, mbele ya yote?"

"Tunamuuliza kama amekuja kwa mapenzi yake, bila kulazimishwa."

"Nani alikufundisha kuuliza vile?"

"Ni wewe."

"Na mimi nilifundishwa na mwenye alinitangulia. Na yeye vile vile. Na Feza, ulimuuliza?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Baadaye, tulipokuwa tunakula, alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema Kitabu ni kizuri, yeye anakibusu kila Jumapili, lakini Kitabu kilizaliwa ndani ya nyumba. Kabla ya kuandikwa kulikuwa na watu walioamini, waliosali, waliofundishana, na ndani ya midomo yao ndimo Mungu alimokuwa anasema. Ukikitoa Kitabu nje ya nyumba ile ukakishika peke yako, kila mtu atakisemesha anachotaka. Lile swali la siku ya ndoa, akasema, yeye hajui liko ukurasa gani, lakini anajua limepita vinywa vingapi mpaka kufika kwake, na hakuna kinywa kilicholiacha lianguke.

Nikamwambia kwamba nikirudi na swali bila ukurasa, ukoo wa Mulamba watanicheka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha kuuliza inaandikwa wapi.

"Kweli," akasema. "Nenda kwa Yoeli."

Nilidhani sikusikia. Akarudia kwamba katika njia yote ile, hakuna anayelijua lile shamba la Kitabu kuliko Yoeli, na mtu mwenye njaa hachagui mlango wa kubisha. Kwenda kwa Kalumbi nilikwenda haraka. Kurudi kwa Yoeli nilirudi pole pole sana, na kila kilima nilishuka kwenye baiskeli, hata vile vidogo.

Yoeli alikuwa kwenye cherehani barazani. Nikasimama mbele yake, nikasema yote, nikijua kwamba habari za ushindi wangu alikuwa ameshazipata kutoka kwenye lile benchi. Kwanza alitabasamu, na haki alikuwa nayo. Nilipofika kwenye maneno ya Feza aliacha kutabasamu. Akaondoa kitambaa kwenye cherehani, akaweka Biblia yake juu, akaisukuma kwangu.

"Soma tena," akasema. "Pole pole."

Nikasoma. Ndugu wakikaa pamoja, na mmoja akifa pasipo mtoto. Hapo Yoeli akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Mulamba aliacha watoto wangapi?"

Vijana, niliwaambia nilisoma kwa sauti nzuri. Watoto wanne wa Mulamba walikuwa wamekaa mkekani mbele yangu wakati nasoma. Yule mdogo kabisa alikuwa ameshika suruali yangu. Nilisoma neno linalosema pasipo mtoto, na mtoto amenishika mguu, na sikusikia ninachosoma. Na watu wote waliokuwepo hawakusikia pia, kwa sababu mwalimu akisoma kwa uhakika, nani atafikiri anakosea?

"Kitabu haikukosa kitu, Beno," Yoeli akasema. "Wewe njo ulishuka mbele ya kufika."

Kweli nilishuka kabla ya kufika kwenye maana, na ningepaswa kunyamaza, lakini mnanijua. Nikamwuliza: na kama Mulamba angekufa bila mtoto hata mmoja, wewe ungempeleka Feza kwa Lukongo? Yoeli aliangalia barabarani, akaangalia tena Kitabu. Kisha akageuza kurasa nyingi kwa mara moja mpaka kwenye barua za Paulo, akanionyesha pale mtume anaposema kwamba mume akifa mke yuko huru, aolewe na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Akasema: umeona, imeandikwa, Maandiko yanajitosha. Nikamjibu kwamba imeandikwa, ndiyo, lakini aliyenituma nije kuitafuta ni mzee asiyejua ukurasa. Akasema huyo mzee aliyajua Maandiko bila kujua kwamba anayajua. Nikasema basi kumbe yanaweza kukaa mahali pengine zaidi ya karatasi. Tungeendelea mpaka jioni, ila siku zilikuwa zimebaki mbili.

Tukaenda pamoja. Watu walitoka milangoni kutazama katekista na mwinjilisti kwenye njia moja, wakidhani labda kuna mtu mkubwa amekufa.

Mzee Lubamba akakusanya ukoo. Lukongo alikuwepo, na shoka limeegemea ukuta nyuma yake. Feza alikaa mlangoni na wanawake. Nikasimama kwanza. Nikasema: siku ya matanga niliwasomea vibaya. Sheria niliyosoma inamhusu mtu aliyekufa bila mtoto, na Mulamba ana wanne. Nilitaka kuonekana najua, na nimemkosea Feza, na nimemkosea Mungu mwenyewe kwa kulitumia jina lake. Sauti yangu nzuri siku ile haikutoka vizuri. Maneno yalikuwa machache, lakini kati ya yote niliyosema mbele ya watu miaka thelathini, hayo ndiyo ninayojivunia kuliko mengine. Sufuria ni ya pili.

Kisha Yoeli akasoma kutoka kwa Paulo, yote, na mstari ulio juu yake na ulio chini yake. Mzee Lubamba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, aliuliza swali ambalo nawaachia ninyi mlibebe, kwa sababu mtaulizwa.

"Walimu wawili, mistari mbili, Kitabu moja. Musa anasema chukua, Paulo anasema acha. Sasa sisi tufuate gani?"

Nilimtazama Yoeli. Yoeli alisema tufuate ule unaofanana na Yesu. Ni jibu jema, na alilisema vizuri. Mzee Lubamba akatikisa kichwa kwamba amesikia, lakini macho yake yalinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyelileta tatizo. Na mimi mstari wa tatu sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni lile swali la Kalumbi. Nikageuka kwenye mlango.

"Mama Feza. Kwenda kwa Lukongo, unaenda kwa mapenzi yako, bila kulazimishwa?"

Katika siku zote zile, katika mazungumzo yote ya wanaume, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Feza akasimama.

"Apana. Nitabaki ndani ya nyumba ya watoto yangu. Lukongo akuwe baba mudogo yao, vile alikuwaka."

Wanaume kadhaa walinung'unika. Aliyewanyamazisha ni Lukongo mwenyewe. Alisema alipokea shoka kwa sababu mwalimu alisoma. Kama angekataa, wangesema amemkataa Mungu na kuwatupa watoto wa kaka yake. Sasa kama Mungu hakusema, yeye atawalimia watoto hao bila kumchukua mama yao, na mke wake atalala vizuri. Akainuka, akachukua shoka, akaliweka mkekani mbele ya Feza. Sisi sote tulimtazama Mzee Lubamba. Mzee hakuliinua. Akasema matanga yamekwisha, watu wakalime.

Shoka lile liko kwa Feza mpaka leo, limebadilishwa mpini mara mbili.

Mtaniuliza basi, nani alishinda? Yoeli bado yuko hai, anakaa nyuma ya soko hapa Kasongo, na kila Jumatano tunakunywa chai kwa Mzee Ramazani mwenye duka, Mwislamu, ambaye anatuuzia sukari na kutusikiliza kwa furaha kubwa. Yoeli anasema habari ya Feza ni yake: Maandiko yalitosha, msomaji ndiye aliyepungua. Mimi nasema ni yangu: Maandiko yalikuwa pale pale siku zote zile, paja la kuku pia lilikuwepo, na hakuna aliyeyafungua mahali pazuri mpaka mzee mmoja aliponikumbusha swali alilopokea kwa mdomo. Neno la Mungu linataka Kitabu, na linataka nyumba inayokisoma pamoja, wazee wake na wajane wake, pamoja na wafu waliotutangulia. Nyumba bila Kitabu inapotea katika desturi zake. Kitabu bila nyumba kinaangukia mikononi mwa mtu kama mimi niliyekuwa siku ile. Yoeli akisoma mstari huu atapiga meza. Nimeuandika kwa raha.

Lakini hata yeye na mimi tunakubaliana juu ya namna ya kusoma, na hii ndiyo kazi yenu. Simu zenu zinatafuta neno moja na kuwapa mstari peke yake, bila majirani zake. Msiukubali. Someni ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada, mara tatu, mkiwa peke yenu, ndipo mwende mbele ya watu. Mkiulizwa jambo hapo hapo, na kuna watu kwenye benchi wanawatazama, semeni mtajibu kesho. Na kabla ya kusoma neno linalomhusu mtu, mtafuteni mtu huyo kwa macho, mjue amekaa wapi na ameshikwa na nani.

Jumapili iliyofuata Feza alikuja kanisani. Nilisoma somo, ambalo kwetu watu hulisikiliza wamesimama, nikasema ni Neno la Bwana, watu wakajibu. Nilimtazama. Mdomo wake haukufunguka. Jumapili ya pili vile vile, na ya tatu. Sikumwambia kitu, mtu aliyemwibia mwenzake hamharakishi kusamehe. Ila nilianza jambo ambalo sikulifundishwa na Kalumbi wala na Yoeli. Nikimaliza kusoma, sikufunga Kitabu watu walipojibu. Nilikiacha wazi kidogo, nikangoja, na watu walidhani mwalimu ameanza kuzeeka.

Jumapili ya sita, baada ya Pasaka, watu walijibu kama kawaida, wakakaa, mabenchi yakalia, watoto wakakohoa. Feza alikuwa bado amesimama. Akasema kwa sauti ndogo, peke yake, amechelewa:

"Tunamushukuru Mungu."

Ndipo nikafunga Kitabu.